Nilivyoacha kulisoma jiwe kwa rangi

Kanuni niliyopewa nilipoanza ilikuwa nyepesi: mwamba wa moto (uliotokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka) ukiwa mweusi ni basalti, ukiwa mweupe ni graniti, basi. Ushauri wa ovyo kabisa. Obsidiani, kioo cha volkano, ni nyeusi ti, ilhali silika yake (kemikali inayounda kwatzi) kwa kawaida huzidi asilimia 70, kama graniti nyingi. Ukiinua ukingo wake mwembamba kwenye mwanga unapenya, rangi ya moshi. Iliganda upesi mno, fuwele hazikupata nafasi ya kukua.

Jiwe lililonipa jeuri lilikuwa la kijivu, lenye madoa meupe makubwa kama ukucha. Wenzangu wakacheka, eti kipande cha zege. Nikalipasua (uso wa nje uliochakaa hausemi kweli), nikalilowesha, nikaligeuza polepole huku mwanga ukitokea ubavuni. Hapo ndipo utamu! Kila doa liliwaka mara moja, uso mzima, kisha likazimika. Kwatzi, madini mengine meupe, haiwaki hivyo, maana haipasuki kwa bapa. Kwa lenzi nikaona mistari myembamba iliyonyooka sambamba: plajioklesi, aina ya feldispa. Na lenzi ya kukuza mara 10 yatosha, bei yake haiumizi.

Fuwele kubwa ndani ya unga usioonekana kwa macho maana yake magma ilipoa kwa awamu mbili: kwanza taratibu chini ya ardhi, halafu ikapanda na kuganda kwa haraka. Kati ya madoa kulikuwa na vijiti vyeusi. Piroksini au hornblendi, madini mawili meusi yanayofanana? Nikatafuta kijiti kilichokatika kwa upana. Nyufa za piroksini hukutana karibu na nyuzi 90. Hizi zilichora almasi, nyuzi kama 56 na 124. Hornblendi! Madini hayo hubeba maji ndani yake, kwa hiyo magma ilikuwa na maji, jambo la kawaida pale bamba la ganda la dunia lililo chini ya bahari linapozama chini ya jingine. Kwatzi, dalili ya silika nyingi, sikuiona, wala olivini, madini ya kijani ya basalti. Nikasema andesiti, mwamba wa volkano wenye silika ya kati, na waliocheka wakaiomba lenzi.

Jihadhari tu na madoa meupe ya mviringo kwenye basalti. Mengi ni matundu ya gesi yaliyojazwa kalisaiti baadaye, lava ikiwa imeshapoa zamani. Kwaruza kwa kisu: kalisaiti inachimbika, feldispa inakugomea.