Theluji ya Kibo aliiona, herufi za kitabu zikamshinda

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, na watoto wangu wamekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wa kwanza alianza kunitungia sindano akiwa na miaka sita. Elia, wa pili, nikimpa sindano alilamba uzi, akafinya jicho, akaisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, kisha akanirudishia. "Mama, tundu linahama." Nikamwita mvivu, na si mara moja.

Shuleni mambo yalikuwa yale yale. Yuko darasa la tatu na kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha: "mama" anasoma "maji", anaruka mstari, na akifika nusu ya ukurasa anashika paji la uso na kulalamika kichwa. Mwalimu wake akaniambia, "Mama Elia, huyu ni mzito, labda arudie darasa." Nilikubali. Wazo la macho lilinijia nikalifukuza mwenyewe. Mtoto anasoma ubao akiwa dawati la nyuma, anataja daladala inaenda wapi kabla haijasimama, na asubuhi mawingu yakifunguka anakuonyesha theluji ya Kibo ilipoishia. Macho yana shida gani hapo?

Aliyenizindua ni mteja wangu, muuguzi, aliyefuata gauni lake. Alimkuta Elia anaandika kazi ya shule huku amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Huwa anafanya hivi?" Huwa. Nilidhani ni uchovu tu.

Tukaenda hospitali ya KCMC. Walimpa zile herufi E zinazotazama juu, chini na pembeni, naye aonyeshe kwa vidole. Jicho la kulia akaenda vizuri. Walipoliziba hilo ili wapime la kushoto, mistari ya juu aliipita, kisha akanyamaza, akageuka kunitafuta. Miaka tisa nimemlea mtoto huyu. Hakuwahi kusema kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Alidhani kila mtu anaona hivyo.

Baadaye wakamtia matone. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujivuta na kuficha kasoro wakati wa kupimwa, na matone hulilegeza ili kipimo kiwe cha kweli. Mboni zikapanuka, jua la saa saba likamuumiza, nikamfunika kanga mpaka nyumbani.

Daktari alinichorea. Jicho la Elia ni fupi kidogo, kwa hiyo picha inataka kuangukia nyuma ya retina, ule utando wa ndani unaopokea picha, na lenzi iliyo ndani ya jicho inajikaza kuivuta mbele. Kwa vitu vya mbali inamudu. Kwa kitabu kazi inazidi, ndipo herufi zinapofifia na kichwa kinauma. La kushoto lina kasoro kubwa zaidi, basi ubongo ukazoea kulitegemea la kulia na kuliacha lile. Wanaliita jicho vivu. Aliposema "vivu" niliinamisha kichwa.

Dawa yake ni miwani muda wote, na plasta juu ya jicho la kulia kwa muda wa saa mbili kila siku, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Kabla ya miaka saba ingekuwa rahisi zaidi, lakini kwa miaka tisa bado kuna nafasi. Miwani ilinila fedha ya kushona sare kumi, na ningeshona nyingine kumi.

Daktari hakuniahidi kwamba kusoma kutanyooka kwa miwani pekee. Kuna watoto ambao macho yao ni mazima na shida ya kusoma iko kwenye namna ubongo unavyoshughulikia maneno na sauti. Hao wanahitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Ila macho yapimwe kwanza. Na ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, au jicho linakengeza, usingoje shule ifungwe.

Huu ni mwezi wa nne tangu aanze kuvaa miwani. Elia bado anasoma polepole, lakini haruki mistari, na kile kilio cha kichwa sijakisikia tena. Plasta tunabandika jioni akiwa anapanga vifungo kwa rangi mezani kwangu. Nimemwomba msamaha, akaniuliza wa nini. Kwa kuwa hali hii hutembea kwenye familia, Jumanne ni zamu ya mdogo wake, ana miaka minne.