Siku moja maishani mwangu: slaidi ya binti wa Urambo

Saa moja na nusu asubuhi nafungua maabara ya hospitali moja hapa Tabora mjini na kuwasha mashine ya kuhesabu chembe za damu.

Saa tatu baba mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, ananikabidhi fomu. Binti yake wa miaka tisa aliwahi kuugua meduloblastoma, saratani inayoota kwenye ubongo mdogo, kisogoni. Alipasuliwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi na kutundikiwa dawa, etoposaidi ikiwamo, na sasa ni miaka miwili tangu amalize. Mwezi uliopita alitokwa na madoa ya damu chini ya ngozi, lakini kituo alikoanzia walimpa dawa za malaria bila kupaka damu kwenye slaidi, kile kioo cha hadubini. Jambo hilo linaniuma sana.

Saa nne mashine inasoma hemoglobini 6.8 na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 31,000; zote ziko chini mno. Malaria nayo hushusha chembe sahani, kwa hiyo natandaza tone la damu kwenye kioo, nalikausha na kulitia rangi.

Saa tano, chini ya lenzi ya mafuta, sioni kimelea hata kimoja. Naona seli changa, kubwa, zenye kiini kilichojaza karibu seli nzima, na ndani ya mojawapo kijiti chembamba chekundu, alama ya lukemia ya mailoidi, aina ya saratani ya damu. Narudia slaidi ya pili, kwani jibu la namna hii halitolewi kwa kuangalia mara moja.

Saa sita nampelekea daktari majibu mkononi. Baba anauliza kama ule ugonjwa wa kichwani umehamia kwenye damu. Daktari anamketisha na kumweleza kuwa huu ni mwingine: dawa zilizoua uvimbe zinaweza, kwa watoto wachache, kujeruhi vinasaba vya seli za uboho, baada ya etoposaidi lukemia huja mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, na baada ya saiklofosfamaidi, dawa nyingine ya saratani, huchelewa hata miaka mitano au zaidi. Anamwambia pia kwamba hakukosea kukubali dawa zile, maana bila tiba uvimbe ule ungemuua mtoto.

Saa kumi simu ya Muhimbili imepokelewa, watampima uboho. Naandika jina la binti kwa penseli kwenye slaidi mbili zisizotiwa rangi, nazifunga kwa karatasi laini, na kumwonyesha baba namna ya kuzishika safarini.