Tarangire wakati wa kiangazi

Nenda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, kati ya Julai na Oktoba. Malisho na mabwawa ya nje ya hifadhi yakishakauka, wanyama hurudi Mto Tarangire, na tembo huonekana kwa makundi makubwa. Usihangaike kuzunguka hifadhi nzima. Tafuta sehemu ya mto yenye mchanga, dereva azime injini, mkae dakika 40 hivi. Tembo huchimba kwa mguu na mkonga, husubiri maji yajichuje shimoni, ndipo hunywa. Akiondoka, wanyama wengine huja kunywa papo hapo. Ukipita haraka haya yote yanakupita, na kwangu ndiyo raha yenyewe ya Tarangire.

Gari lisisimame kati ya mama na mtoto, wala kwenye njia ya kundi kwenda majini. Dume anayetiririka majimaji kati ya jicho na sikio, huku mkojo ukidondoka, anatafuta majike na ana hasira za karibu: mpisheni mapema, hata kama picha itakosekana.

Kero ni mbung'o, hasa vichakani. Hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki, kitambaa kizito, maana nguo nyembamba wanaitoboa. Dawa ya mbu ya kupaka haisaidii sana; fungeni vioo.

Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha. Ya kukuza mara 12 hutikisika mno mkononi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.