Atomu nne za chuma na jiko la mkaa
Mdogo wangu yuko form five, juzi kaniuliza sasa sisi watu wa bayolojia haya mambo ya atomu na elementi yanatuhusu nini? Nikamwambia tuanzie kwenye damu yako. Seli moja nyekundu ina molekuli kama milioni 270 za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na kila molekuli imebeba atomu nne tu za chuma, elementi ile ile iliyoko kwenye msumari, na kila atomu inashika molekuli moja ya oksijeni, yaani atomu mbili zilizoungana, inaipakia kwenye mapafu halafu inaenda kuishusha kwenye misuli, kwenye ubongo, kote. Hiyo kuishusha ndo kazi yenyewe.

Sasa washa jiko la mkaa ndani, madirisha umefunga sababu ya baridi. Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni, na hewa ikipungua atomu nyingi za kaboni zinaambulia oksijeni moja badala ya mbili, inatoka kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Tofauti yake na ile gesi tunayotoa tukipumua ni atomu moja jamani! Lakini hii inang'ang'ania kile chuma kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, nafasi zinajaa, oksijeni inakosa pa kukaa. Kichwa kinauma, usingizi mzito, ndo basi.

Dogo akanyamaza, akainuka akalitoa jiko nje, akaliweka barazani.