Fungu la Jirani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu katika imani.

Juma hili nimelipitisha nikishindana na nafsi yangu juu ya jambo ambalo mtu asiye na bustani ataliona dogo. Masika yamekwisha, kusi limeshika, na manyunyu ya mchoo yanayotupitia hapa Tanga mara nyingi huishia kulowesha vumbi tu, kwa hiyo mboga zote za nyuma ya nyumba sasa zinaishi kwa ndoo. Kisima chetu, kama visima vingi vya mitaa iliyo karibu na bahari, kina maji ya chumvi yasiyoupendeza mchicha, na maji ya bomba yana bili yake kila mwezi. Baada ya Sala ya Alfajiri, kabla jua halijapanda, nateka, nabeba na kunyunyizia tuta baada ya tuta, kisha narudia kazi hiyo hiyo baada ya Alasiri. Na katikati yake kuna kupalilia, kupunguza miche iliyosongamana, kugeuza majani ya bamia kutafuta vidukari, na kuwanyunyizia maji ya mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa tangu usiku. Mgongo unauma. Ndipo inapofika siku ya kuchuma, mikono ikiwa imejaa majani mapana yasiyo na tundu hata moja, nafsi huniambia kwamba haya ni ya nyumbani kwangu kwa kuwa nimeyatolea jasho, na yale ya pembeni yaliyotobolewa na viwavi ndiyo ya kugawa.

Husema hivyo kwa sauti ya busara kabisa, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu haininyimi sadaka. Inanichagulia tu sadaka ya kutoa.

Siku ya Alhamisi nilikuwa jikoni kwenye madrasa moja ambayo sitaitaja, mahali wanapopikiwa wanafunzi wanaolala hapo hapo. Kulikuwa na mfuko wa mboga ulioletwa kwa jina la sadaka, na mpishi akazimimina bamia kwenye sinia ili azikatekate. Zilikuwa ndefu, rangi imepauka, migongo yake imesimama na kukauka. Kila anayelima bamia anajua kwamba changa ukiikunja ncha yake hukatika papo hapo, lakini hii alipoikunja ilipinda tu, na kisu kilipopita kikaburuta nyuzi nyeupe. Akajaribu ya pili na ya tatu. Kisha, bila hasira yoyote, akiwa bado ameliinamia sinia, akaniuliza: “Mama, aliyeleta hizi, kwake leo wamepika nini?”

Sikuwa na jibu. Watoto walikula ugali kwa maharage, alhamdulillahi, lakini swali lile nimelala nalo na kuamka nalo.

Sote tunaijua aya ya 267 katika Suratul Baqara, ambapo Mola wetu anawaamrisha walioamini watoe katika vizuri walivyovichuma na katika vile alivyowatolea ardhini, na anawakataza wasikusudie kutoa vilivyo vibaya, ambavyo wao wenyewe wasingevipokea ila kwa kuvifumbia macho. Sahaba Al-Baraa bin Azib, radhi za Allah ziwe juu yake, ametusimulia sababu ya kushuka kwake, na ni kisa cha mavuno. Ansari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, walikuwa watu wa mitende, na kila mmoja alileta vichala vya tende kwa kadiri ya alichonacho, akavitundika msikitini Madina kwa ajili ya Ahlu Suffa, yaani masahaba masikini waliokuwa wakiishi hapo msikitini, waliokuwa hawana chakula. Mwenye njaa alikuja, akakipiga kichala kwa fimbo yake, tende zikaanguka, akala. Wakatokea baadhi ya watu wasiojali kheri, wakawa wanatundika kichala chenye tende mbovu zisizo na nyama, au kichala kilichovunjika. Aya ikashuka kwa ajili yao, na Al-Baraa anasema kwamba baada ya hapo kila mmoja alileta kilicho bora katika alivyonavyo.

Ninapoisoma riwaya hiyo, kinachonishtua ni kwamba watu wale hawakuacha kutoa. Walifika msikitini kama wenzao, wakainua mikono kama wenzao, wakatundika. Anayepita mbali angewahesabu katika watoaji. Ni mwenye njaa peke yake, aliyesimama chini ya kichala na fimbo mkononi, ndiye aliyeijua tofauti, pamoja na Allah ambaye hakuna kinachofichikana kwake.

Katika mawaidha tumezoea kutajiwa wale wenye shamba wa Suratul Qalam, walioapa kwamba watayavuna mazao yao alfajiri bila ya kusema Inshaallah, wakaenda wakinong’onezana kwamba leo masikini yeyote asiingie humo, wakalikuta shamba limeteketea. Ni kisa kikubwa na kinatisha. Lakini kwa haki ya Mungu, ndugu zangu, wengi wetu hatujitambui ndani yake, na kwa hiyo tunakisikiliza kwa utulivu, kana kwamba kinasemewa watu wengine. Sisi si watu wa kufunga lango. Mtaa wa Tanga haujui kufunga lango. Jirani akikosa kitoweo huita juu ya ukuta, na mtoto hutumwa na bakuli. Ugonjwa wetu ni ule wa vichala vya msikitini. Tunatoa, na tunatoa kilichobakia.

Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, na nafsi yangu ikiwa ya kwanza kusemwa. Mchicha ukiwa na wiki tatu au nne ni laini, na shina lake linaliwa pamoja na jani. Huo tunautia nazi tukala na watoto wetu. Ukishatoa maua na shina limekuwa mti, ndipo tunapokumbuka kwamba kuna mjane nyuma ya nyumba. Nyanya chungu zikiwa changa tunazipanga mafungu zikauzwe Mgandini, na zikishaiva zikawa nyekundu na mbegu zimejaa uchungu, tunampa mama anayetufulia, kisha tunangoja atushukuru. Kisamvu tunachuma ncha tatu za juu, na majani magumu tunayasifia: “Hayo ukiyatwanga vizuri hayana neno.” Kama hayana neno, kwa nini hatukuyatwanga sisi? Na anayepokea hawezi kusema, kwa sababu adabu zetu zimemfundisha kwamba cha kupewa hakitazamwi mara mbili. Adabu yake hiyo njema tumeigeuza kuwa mahali pa kuficha ubahili wetu. Hakuna mtu anayeutupa mkungu ulioanza kuoza mlangoni mwa mkubwa wake wa kazi. Akienda kwa mkubwa huchagua, huufuta vumbi, huufunga vizuri. Basi na tujiulize tunamwona nani tunapokwenda kwa fukara, iwapo tunaamini kweli kwamba Allah ndiye anayezipokea sadaka.

Sisemi mtu asiuze. Wapo miongoni mwetu wanaolipa ada za watoto kwa mafungu ya matembele, na hiyo ni ibada pia. Wala simlaumu mtu ambaye bustani yake yote imeshambuliwa, akala majani yenye matundu na akampa mwenziwe majani yenye matundu, kwa sababu kipimo cha aya ni kile ambacho wewe mwenyewe ungekipokea, na huyo amempa mwenziwe kile kile alichokitia katika chungu chake. Kila kitu kimewekewa mahali pake. Bamia iliyokomaa iachwe mtini ikauke, nayo itatoa mbegu za msimu unaokuja. Mchicha uliozeeka ni chakula kizuri cha mbuzi, au ufukiwe pamoja na samadi ya kuku, ambayo nayo huhitaji kuozeshwa kwanza isije ikaunguza miche. Sahani ya masikini siyo mahali pa kumalizia vilivyoshindikana kwingine.

Wapo walioniuliza kama mboga zina zaka. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, mboga za majani hazimo, kwani zaka ya mazao iko katika vyakula vikuu vinavyowekwa akiba, mfano wa mahindi, mpunga na mtama, vikifika wasaki 5, wasaki ikiwa ni kipimo cha kale cha nafaka. Imam Abu Hanifa alikuwa na rai nyingine, na wenye elimu wanazijua hoja za pande zote. Linalonigusa mimi ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa kilichonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa 1 katika 10, na kilichonyweshwa kwa kazi ya kuteka hutolewa 1 katika 20. Sheria yenyewe imeutazama mgongo wa mbeba maji. Kwa hiyo nafsi ikija na hoja ya jasho, ijue kwamba hoja hiyo imekwisha sikilizwa kwa Mwenyewe, na punguzo lake limekwisha tolewa: kipimo kilipungua nusu. Ruhusa ya kutoa kibovu haikuandikwa popote.

Yupo aliyelifahamu hilo vizuri kuliko sisi. Abu Talha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mitende mingi kuliko Ansari wengine wa Madina, na mali aliyoipenda zaidi ilikuwa bustani ya Bairuhaa iliyoelekea msikiti, ambayo Mtume alikuwa akiingia na kunywa maji yake mazuri. Iliposhuka aya ya 92 ya Suratu Aali Imran, kwamba hamtaufikia wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda, hakwenda kutafuta shamba la pembeni. Alikwenda kwa Mtume akasema kwamba anachokipenda zaidi ni Bairuhaa, na kwamba sasa ni sadaka kwa ajili ya Allah. Mtume akaisifu kuwa ni mali yenye faida, akamshauri aigawe kwa jamaa zake wa karibu, naye akawagawia. Sisi hatuombwi bustani, bali tunaombwa fungu moja la mchicha lililochaguliwa kwa jicho lile lile tunalochagulia la kwetu.

Marehemu mama mkwe wangu, Allah amrehemu, alikuwa na matuta machache ya matembele na mnavu huko Ngamiani, na alikuwa na kanuni moja ambayo tulipokuwa wachanga katika nyumba ile tuliiona ni ya ajabu: fungu la kwanza kufungwa lilikuwa la jirani. Aliingia bustanini, akachuma, akafunga kwa ukindu, akaliweka kwenye kivuli cha mgomba pale maji ya udhu yanapotiririkia, na baada ya hapo tu ndipo alipoanza kuchuma ya nyumba. Siku moja nilimwambia kwamba afadhali tumalize kuchuma ili tujue kama zitatosha. Akanijibu kwamba ukingoja kujua kama zitatosha, hazitatosha. Siku za uchache fungu lile lilikuwa dogo sana, lakini sikuwahi kuona ndani yake jani ambalo asingelipika mwenyewe.

Basi kwa juma hili linaloanza, wenye bustani ambao huwa tunapeleka mboga madrasa tufanye hivi. Bamia zichumwe asubuhi ya siku ile ile, na kwa kuwa hukomaa upesi, zichumwe kila baada ya siku mbili hata kama hazijajaza kikapu. Mchicha na matembele zifike kabla ya saa tatu, majani hayajanyauka, na mnavu uletwe ukiwa umekwisha chambuliwa, kwa sababu wapishi ni wachache na wanaanza na kuwasha moto. Mwenye fungu moja alete fungu moja. Na anayetaka mbegu za bamia, ninazo za kutosha, apite nyumbani baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiiq.