Ulijua tangu Jumanne

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumanne?"

Hakufoka. Mnamjua mzee wangu, akiumia hupunguza sauti. Nikajibu, "Nilijua, baba. Sikutaka kukutia hofu." Akanyamaza mpaka nikasikia kuku wa uani kwake. Kisha akasema, "Moyo ni wangu, mama. Mbona habari zake nazipata mwisho?"

Wiki hii tumehama Tabata na Zawadi amevishwa pete, lakini mimi bado niko kwenye simu ile.

Ile saa aliyoletewa na kaka ndiyo inayonitumia mapigo yake kutoka Muheza. Jumanne mchana yaliruka vibaya. Nikampigia, nikamwambia apumzike kulima, jua kali. Nikazungumza na daktari, nikazungumza na kaka, nikapanga kipimo. Yeye nikamwambia jua.

Jana zamu ya usiku nilimkumbuka James Irwin, mwanaanga Mmarekani wa Apollo 15, safari ya Mwezini ya mwaka 1971. Chini ya suti alibandikwa waya kifuani, na mapigo yake yakasomwa duniani, kwenye kituo cha waongozaji Houston, Marekani. Mrija wa maji ndani ya suti yake uligoma, akafanya kazi nzito Mwezini saa kwa saa bila kunywa. Walipokwisha kuondoka kule, madaktari wakaona kila pigo la kawaida linafuatwa na pigo lililowahi. Daktari mkuu, Charles Berry, alisema angekuwa duniani angemlaza na wagonjwa mahututi. Ila chomboni angani alikuwa akivuta oksijeni tupu, mwili hauna uzito, na anaangaliwa muda wote. Wakamwacha, wala hawakumwambia. Mwaka 1973 alipata shambulio la moyo.

Siku zote nimekuwa upande wa Berry. Mtu yuko mbali kilomita zaidi ya 300,000, umwambie ili iweje? Lakini usiku huu nilikwama kwenye ule mrija. Waya zilionyesha mapigo tu. Kiu hazikuionyesha, kiu aliijua mwenye koo. Na baadaye upungufu wa potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, ndio uliotajwa kuwa chanzo, hata wenzao wa Apollo 16 wakapewa maji ya machungwa yaliyoongezwa potasiamu.

Alfajiri, kabla sijavua sare, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujalala?"

"Jumanne ulikuwaje, baba? Mwili."

Akakohoa kidogo. "Tumbo liliniendesha tangu Jumatatu. Sikula kitu, kahawa tu. Sikukwambia, nisikutie hofu."

Maneno yangu yaleyale! Nilicheka huku machozi yananitoka, naye akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kabla mama hajafariki. Nikamsomea namba zote, moja baada ya nyingine, naye akaziandika kwenye daftari lake la mauzo ya machungwa. Alhamisi tunakwenda kupima wote wawili, na hilo la tumbo atamweleza daktari mwenyewe.

Nimefika nyumbani saa mbili. Paka wa watoto hajaonekana tangu tuhame. Nimeacha dirisha la jikoni wazi.