Siku moja maishani mwangu: upinde, mshale na mipaka ya ardhi, Chemba

Saa 11:30 alfajiri

Mwezi wa saba huku Chemba una upepo mkavu unaopenya mpaka kwenye mifupa. Alizeti imeshavunwa, uwele uko ghalani, majani porini yamekauka na mnyama anaonekana kutoka mbali. Ndiyo maana pinde hushushwa kutoka darini msimu huu. Mimi ni afisa wanyamapori wa wilaya, na leo nina mkutano katika kijiji kinachopakana na Pori la Akiba la Swagaswaga. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeuomba. Vijana wake wanamuuliza ni wapi mtu anaruhusiwa kuwinda kwa mshale, na hataki kuwajibu kwa kubahatisha.

Nafunga mzigo kwenye pikipiki: ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji, chupa ya maji, na nakala yangu ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ni ya Kiingereza, na kurasa zake zimejaa Kiswahili nilichoandika pembeni kwa kalamu. Mwananchi anayeweza kufungwa miaka kwa kifungu fulani ana haki ya kukisikia kwa lugha anayoielewa kabla hajakamatwa. Kazi yangu kubwa naiona hapo.

Saa 1 asubuhi

Niko kwenye mgahawa wa stendi, chai ya rangi na chapati. Simu inaita. Ni kijana wa Dodoma mjini, namba yangu ameipewa na rafiki yake.

"Kaka, shikamoo. Samahani kukusumbua asubuhi yote hii. Nimeletewa upinde wa kisasa kutoka nje, ule wenye magurudumu kwenye ncha. Nauliza, ardhi ya umma huko kwenu naruhusiwa kuwinda? Maana nimesoma kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma."

Alichosoma ni kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo: ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Namwambia aendelee kusoma, kwa sababu wanyamapori nao wamewekwa mikononi mwa mdhamini huyohuyo. Ardhi kuwa ya umma hakumfanyi swala kuwa wa yeyote atakayemwona. Namuuliza anataka kwenda wapi hasa. Anajibu, "Popote penye pori."

Namwambia "popote" hapana sheria moja. Hatua mia moja tu porini zinaweza kukutoa kwenye ardhi ya kijiji, zikakuingiza kwenye msitu wa hifadhi, kisha kwenye pori la akiba, na kila mahali pana msimamizi wake na masharti yake. Namuahidi kumpigia jioni.

Saa 3 asubuhi

Barabara ni ya vumbi jekundu, migunga pande zote mbili. Askari wawili wa wanyamapori wa kijiji wananisubiri njia panda, tunakwenda pamoja kuangalia bikoni za mpaka.

Swagaswaga ina kilomita za mraba zipatazo 871 na haina uzio. Unatembea kwenye vichaka vilevile, udongo uleule, nyayo zilezile za tandala, na ghafla uko ndani. Bikoni moja tunaikuta imefunikwa na majani, tunaifyekea. Tukisimama upande huu wenye upinde begani, hatujavunja kitu. Upande ule, kubeba upinde au mshale bila kibali cha maandishi ni kosa tayari, hata kama hujamlenga mnyama yeyote, hata kama ulikuwa unakata njia kwenda kwa shemeji. Kuingia tu bila kibali nako ni kosa lake peke yake. Wengi hawalijui hili. Wanadhani kosa huanza mshale unapoachiwa.

Saa 4:30 asubuhi

Mkutano uko nje ya ofisi ya kijiji, chini ya mkwaju. Wazee wamekaa kwenye viti vya mbele, akina mama upande wa kulia, vijana wamesimama nyuma na pikipiki zao. Wengi hapa ni Wasandawe, watu ambao upinde ni sehemu ya historia yao. Si mbali sana kutoka hapa, upande wa Kolo, kuna michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwenye miamba ile wamo watu na pinde zao. Kwa hiyo sianzi kwa kuwaambia upinde ni kitu kibaya. Ningekuwa nawatukana.

Naanza na ramani. Naibandika ukutani na kuwaomba wanionyeshe wenyewe: wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu, wapi pori la akiba. Kijana mmoja anafuata mpaka kwa kidole, mzee anamrekebisha, wanabishana kuhusu korongo fulani mpaka wanakubaliana. Hapo ndipo naanza kusema.

Hifadhi ya Taifa, hakuna kuwinda. Pori la akiba, liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na hakuna kinachofanyika humo bila kibali. Msitu wa hifadhi una Sheria yake ya Misitu ya mwaka 2002 na wasimamizi wake, kwa hiyo karatasi ya wanyamapori peke yake haikutoshi. Hifadhi ya jamii, kama ile ya Burunge kule Babati, husimamiwa na vijiji vilivyoungana, na uwindaji humo hufuata mpango waliokubaliana na serikali. Kisha iko ardhi ya kijiji, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, lakini mnyama anayepita juu yake bado si wa kijiji. Mwenyekiti hawezi kumruhusu mtu kuwinda swala, hata kwa barua yenye mhuri.

Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Najua amewahi kuombwa barua za namna hiyo.

Mzee mmoja anasimama na fimbo yake. Namwamkia kwanza, "Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Sisi baba zetu waliwinda hapa kabla ya serikali kuwapo. Lini jambo hili likawa kosa?"

Swali hili nalipenda kwa sababu lina jibu. Namwambia Wajerumani walitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, wakati wa gavana Wissmann, iliyotaka watu wawe na leseni. Waingereza nao wakaja na zao. Baada ya uhuru tukawa na sheria ya mwaka 1974, na tunayoitumia sasa ni ya 2009. Kwa hiyo leseni ilidaiwa hata babu yake akiwa kijana. Mzee anatafakari, kisha anasema, "Basi walitunyang'anya mapema." Sina la kupinga hapo. Namwambia nimemsikia, na namweleza kwamba njia iliyo wazi leo ni leseni: yenye jina lako, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda, nayo huwezi kumwazima ndugu yako.

Kijana wa nyuma anadakia: "Mbona Wahadzabe wanawinda kwa upinde na hawakamatwi?"

Watu wanageuka kunitazama. Wahadzabe wako Bonde la Yaeda na upande wa Mkalama, na wapo wanaoishi mpaka leo kwa kuwinda na kukusanya mizizi, matunda na asali. Sheria inatambua jamii za asili ambazo chakula chao cha kila siku kinategemea wanyama na mazao ya porini, na ruhusa yao hupitia serikalini. Mtu mwenye shamba la alizeti na ng'ombe kumi hawezi kujiweka humo kwa sababu tu anajua kulenga. Nasema hivyo wazi. Wengine wananung'unika, na nawaelewa, kwa sababu wao pia ni watoto wa wawindaji.

Kisha tunafika kwenye namna ya kuwinda. Hata mwenye leseni hana uhuru wote. Mshale wenye sumu umekatazwa. Kadhalika mitego ya waya, mashimo, nyavu, kuwinda kwa mbwa, kumulika kwa tochi usiku, kuwasha moto ili wanyama watoke, na kufukuza kwa gari au pikipiki. Sumu ndiyo inayoleta mjadala mrefu, maana mshale wa jadi na sumu vimekwenda pamoja vizazi vingi. Naeleza ninavyoona mwenyewe: mnyama aliyechomwa mshale anaweza kwenda mbali sana kabla hajaanguka. Akiangukia upande wa pili wa bikoni, aliyemchoma haruhusiwi kumfuata akiwa na silaha, na aliyemwokota ana nyara za Serikali mikononi. Mtu mmoja amepiga, mwingine anafungwa.

Nyara hizo si pembe za ndovu tu. Ngozi, kwato, hata kipande cha nyama mbichi kwenye sufuria ni nyara. Mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa kukutwa nazo bila kibali. Akina mama wananyamaza kabisa. Mmoja anauliza, "Na nikiletewa kitoweo na mume wangu, mimi nampikia tu?" Namjibu kwamba anayekutwa nacho ndiye anayeulizwa, na kwamba nyamapori ya kununua ipo kihalali kwenye mabucha yenye leseni, kwa kanuni za mwaka 2020. Adai risiti, aitunze.

Saa 8 mchana

Ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa mtendaji. Bibi mmoja amenifuata mpaka hapo. Ngiri wanamalizia viazi vyake, na mjukuu wake anataka kuwapiga mishale.

Sheria inampa mtu nafasi ya kujitetea yeye na mali yake. Lakini mnyama akifa anabaki wa Serikali, na tukio lazima liripotiwe haraka kwa ofisi iliyo karibu. Hapo hakuna kuchuna wala kugawana. Namwomba bibi anipigie mimi au mtendaji kabla mambo hayajafika huko, na naandika jina la kitongoji chake ili askari wapite kesho. Kwa wanyama wakali kama tembo kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, nayo hudaiwa kwa fomu inayoanzia ofisi ya kijiji.

Saa 9:30 alasiri

Yule babu wa mkutanoni ananiita kwake. Anashusha upinde wake, mti umeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, ugwe wa mshipa wa mnyama, podo la ngozi lenye mishale ya manyoya ya kanga. Ananionyesha anavyonyoosha mshale kwa moto mdogo na kuubana kwa meno. Anataka kujua kama autupe.

Namwambia asiutupe. Kuwa na upinde nyumbani kwake kijijini si kosa, wala kumfundisha mjukuu kulenga kibuyu nyuma ya nyumba. Autunze, asivuke nao bikoni, na vigumba visiwe na sumu. Ananiuliza tena kuhusu lile korongo, liko upande gani hasa. Tunatembea pamoja mpaka kwenye mti ambapo mpaka unapita, anauwekea alama ya chokaa kwa mkono wake.

Saa 12 jioni

Ofisini. Mkutano mkuu umeomba rasimu ya sheria ndogo ya kijiji: kukataza kuwinda kwa moto na mbwa kwenye eneo la malisho, na kila mgeni mwenye silaha ya jadi kuripoti kwanza kwa mtendaji. Halmashauri ya wilaya ikiipitisha itakuwa na nguvu. Naanza kuiandika wakati bado nakumbuka maneno yao.

Nampigia kijana wa mjini. Namwambia kulenga shabaha kiwanjani kwake ni sawa, mradi nyuma ya shabaha pawe salama. Kuwinda, aje ofisini na kitambulisho cha taifa, tukae na ramani, tuangalie eneo lipi liko wazi, mnyama yupi, na kama silaha yake inakubalika kwa leseni anayoomba, kabla hajalipa shilingi.

"Na nikija Jumamosi nikatembee nao tu huko, bila kuwinda?"

Namwambia auache nyumbani. Namtumia picha ya ramani, pori la akiba nimelizungushia wino mwekundu.